Damu Nzito ya Fundi wa Magodoro

Mume wangu Okello alishona magodoro pale Laini Saba, Kibera, upande wa juu wa reli, tangu mwaka wa sitini na nne mpaka kifua kilipomzuia. Naandika habari zake kwa sababu wajukuu wanamjua kwa picha moja tu, ile aliyopigwa akiwa ameazima koti, na picha ile haifanani naye. Mimi naitwa Risper. Nilifika darasa la sita kwa wamisheni kabla ya kuolewa, na kwa hesabu hakuna msichana aliyenishinda, wala mvulana ila mmoja. Kwa hiyo nikisema namba fulani ilikuwa kadha, ilikuwa kadha.

Kazi yake ilikuwa hivi. Godoro la sponji lilikuwa la wenye nafasi. Sisi wengine tulilalia pamba, na hata hiyo pamba haikuwa mpya. Ilikuwa masalio: vipande vya mafundi cherehani, magodoro yaliyochanika, mito ya watu waliohama. Okello aliinunua kwa gunia, akaimwaga ndani ya kibanda cha mabati, akafunga mlango ili upepo usiipeperushe, kisha akaipiga kwa fimbo mbili mpaka vibonge viachane. Akimaliza aliijaza kwenye kitambaa cha mistari na kushona kingo kwa sindano ndefu ya magunia. Godoro la Okello halikufanya bonde katikati. Watu walikuja kutoka Kawangware kulifuata.

Jioni alitoka kibandani nyusi nyeupe, kope nyeupe. Mlango wa pili alikuwapo Nzembi, mama wa Kikamba aliyeuza makaa, naye kutwa alikuwa mweusi kwa vumbi lake.

"Okello, simama hapa karibu yangu," alikuwa akimwambia. "Tuwe punda milia."

"Punda milia anakaa bure, Nzembi. Sisi tunalipa kodi."

Walisema hivyo miaka na miaka na kila siku walicheka.

Sasa niseme jambo ambalo lilimkosesha Okello raha, ili anayesoma aelewe yaliyofuata. Kwetu, upande wa ziwa, mwanamume akishaoa na kuzaa hukaa kwa muda katika boma la baba yake, kisha lazima atoke akafungue boma lake mwenyewe. Boma hilo tunaita dala, na wazee wakisema Kiswahili huliita mji. Halifunguliwi kwa barua wala kwa kutuma pesa. Mwenyewe lazima awepo, atoke alfajiri na shoka mkononi, mwanawe wa kwanza amebeba jogoo, mkewe amebeba moto, na mzee wa ukoo awaongoze mpaka pale mahali. Nyumba hujengwa siku hiyo hiyo na ni lazima mume na mke wailalie. Mtu akifa kabla ya hapo, hata akiwa na mvi, huzikwa kwa baba yake pembeni kama kijana. Mkewe hana lango. Wanawe hawana pa kujenga.

Okello alikuwa hajafungua. Kila mwaka alisema Desemba, na kila Desemba kulikuwa na karo, au mvua, au pamba imepanda bei. Baba yake alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo wa kumwongoza alikuwa baba yake mdogo, Mzee Ogola, ambaye naye hakuwa akizidi kuwa kijana.

Kikohozi kilianza mwaka wa sabini na moja. Kilikuwa kikohozi cha Jumatatu. Jumapili tulikwenda kanisani, hakugusa pamba, akashinda vizuri. Jumatatu akirudi kibandani kifua kilimbana kama amefungwa kamba, kufikia Jumatano kikamwachilia kidogo. Nzembi alisema ni adhabu ya kuimba sauti ambayo si yake. Baadaye kikawa cha Jumatatu na Jumanne, kisha cha wiki nzima, na mwisho hatukukihesabia siku.

Mwaka wa sabini na nne alikuwa hawezi kupanda kutoka mtoni mpaka kwetu bila kusimama mara tatu. Midomo yake iliiva ikawa rangi ya zambarau. Alisema kichwa ni kizito, kana kwamba amejitwisha gunia na hakuna wa kumtua. Majirani walianza kusema TB. Pale tuliponunua chai, alitengewa kikombe chake, kile kilichovunjika mkono, na mwenye hoteli hakumficha. Okello alikinywea. Alipimwa makohozi mara tatu na mara tatu hawakuona TB, lakini kikombe hakikubadilishwa. Ndipo akaandikiwa kwenda kliniki ya kifua, kwenye hospitali kubwa.

Nilikwenda naye. Sikuwahi kumwacha aende peke yake, maana angeambiwa neno zito, arudi aseme "wamesema ni sawa".

Aliyempima damu alikuwa msichana wa maabara, jina lake Syokau. Alikuwa na mkono mwepesi na hakuwa na haraka ya kumalizana na watu. Alimchoma kidole, akavuta damu ndani ya mrija wa kioo mwembamba kama ujiti wa ufagio, akauziba upande mmoja, akauweka kwenye mashine inayozunguka kwa kuvuma. Ilipotulia aliutoa akatuonyesha. Damu ilikuwa imejitenga. Chini nyekundu, juu maji ya manjano.

"Hii nyekundu ndiyo tunayopima," alisema. "Imejaza mrija kiasi gani kati ya mia. Ya mwanamume mzima ni arobaini na tano, hapo hapo. Ya baba ni sitini na tatu."

"Kwa hiyo nina damu nyingi," Okello alisema.

"Nyingi mno. Nzito."

"Kumbe mimi tajiri, Min Ouma, na nilikuwa sijui." Min Ouma ni mimi. Ndivyo kwetu tunavyosema mama Ouma, kwa jina la kifungua mimba wetu.

Siku hiyo walimtoa damu, chupa moja nzima, kutoka mkononi. Alilala kitandani robo saa, akapewa chai. Alipoinuka alisema gunia limetuliwa. Tulirudi Kibera kwa miguu na alisimama mara moja tu, tena kumsalimu mtu.

Walitupa kadi yenye safu tatu: tarehe, uzito, na ile namba. Kila miezi mitatu turudi. Syokau alitueleza kwamba daktari wao ana daftari la wagonjwa wa kifua mia moja na ishirini, anafuata damu ya kila mmoja, ajue kama damu inaweza kusema nani atakaa na nani hatakaa.

"Na yangu inasema nini?" Okello akauliza.

"Bado haijasema, baba. Daftari lina miaka miwili tu."

Kadi nilishika mimi. Niliifunga kwenye leso.

Sasa nafika kwenye kosa, na kosa ni langu, sitaligawia mtu. Mama yangu alikuwa akiumika watu. Anayesoma labda hajui: unachanja ngozi ya mgongo kidogo kwa wembe, unaweka pembe ya ng'ombe iliyokatwa ncha, unanyonya hewa kwa ile ncha, unaziba kwa nta, na pembe inavuta damu yenyewe mpaka ijae. Watu walitembea kutwa kumfuata mama. Aliumika vichwa vizito, migongo, hata wazee wa kanisa waliokuja kwa mlango wa nyuma. Alipokufa pembe sita zilikuja kwangu, nikazileta Nairobi ndani ya kikapu na sikuzitumia.

Basi nilipoona hospitali inafanya alichofanya mama, nilijisikia. Nasema ukweli. Niliona hawa wamesoma miaka yote ile wakaishia pale pale mama yangu aliposimama bila kalamu. Na wiki tano baada ya ile chupa, kichwa cha Okello kikawa kizito tena, na tarehe ya kadi ilikuwa bado.

"Twende tuwaombe watoe," alisema.

"Tuwaombe kwani mimi nimekatwa mikono?"

Nilimlaza kifudifudi kwenye godoro lake mwenyewe, nikaweka pembe nne. Alipata nafuu siku ile ile. Wiki iliyofuata nikaweka tena. Ikawa kila Jumamosi baada ya kufua. Alivua shati mwenyewe bila kuambiwa, akalala, akaongea kuhusu bei ya vitambaa huku pembe zikivuta.

Tulipoenda kliniki, Syokau hakuwepo. Walisema amepelekwa Mombasa masomoni, mwaka mzima. Aliyekaa mahali pake alikuwa kijana mwenye haraka. Alisoma hamsini na saba, akaandika. Miezi mitatu baadaye, hamsini. Hakutuuliza kitu wala hatukumwambia kitu. Mwezi wa Julai mwaka wa sabini na tano alisoma arobaini na tano.

"Imeshuka vizuri," akasema, na akaita mwingine.

Nilishika kadi ile mkononi njia nzima. Arobaini na tano. Namba ya mwanamume mzima. Nilimwonyesha Nzembi hata kabla ya kuvua viatu.

"Sijui kusoma, wewe unajua," alisema. "Sema tu."

"Amepona damu. Ni kama ya mtu yeyote."

"Na mbona bado anahema kama mlango mbovu?"

"Kifua kitafuata. Damu ndiyo hutangulia."

Nilijibu hivyo kwa sauti ya mtu anayejua.

Mwaka ule tulikuwa tumekubaliana, mwishowe, kwamba Agosti tunakwenda kufungua dala. Mzee Ogola alikuwa amekwisha kuchagua siku na ndugu zake Okello wamekata miti. Nyumba ingekuwa ya nyasi. Lakini wiki ile ile ya arobaini na tano, Muigai alikuja. Muigai alikuwa mwenyeji wa Kawangware, mwenye ploti mbili kule Gatina, na alikuwa amejenga vyumba vipya vya mbao ishirini.

"Mzee Okello, nataka magodoro ishirini," alisema. "Chumba kikiwa na godoro, mpangaji hashindani na wewe sana juu ya kodi."

"Ishirini ni mpaka Novemba. Na mimi Agosti nasafiri."

"Safari gani hiyo haingoji? Kuna mgonjwa?"

Okello alinitazama. Na mimi, nilipofanya hesabu kichwani, niliona mabati. Nyumba ya mabati, siku moja na imesimama, na wake wa shemeji zangu, ambao walikuwa wakisema wa Nairobi wanakula tu, wangeiona kutoka barabarani ikimetameta.

"Hakuna mgonjwa," nilisema mimi. "Alikuwa mgonjwa."

Barua kwa Mzee Ogola niliiandika kwa mkono wangu. Niliandika kwamba mwanao amepona, damu yake imepimwa na iko sawa, tutakuja Desemba na mabati, msihangaike. Nilikuwa na mwandiko mzuri. Bado ninao.

Agosti ikapita, na Septemba. Okello alipiga pamba ya Muigai mlango umefungwa, na mimi Jumamosi niliweka pembe. Lakini sasa pembe hazikumpa nafuu. Alisema kichwa si kizito tena, ila mwili wote ni mwepesi kama uliochambuliwa. Miguu ilivimba jioni. Midomo ile ya zambarau ilipauka, na mimi nikasema rangi yake inarudi. Magodoro kumi na matatu yalipokuwa tayari aliyapeleka Gatina kwa mkokoteni na mtu wa kusukuma, na yeye akatembea nyuma. Wakarima, mke wa Muigai, aliniambia baadaye kwamba alipofika langoni aliketi chini kwenye vumbi, akakaa saa nzima bila kusema amefuata nini. Alimletea uji. Aliunywa nusu.

Oktoba tulirudi kliniki. Syokau alikuwa amerudi. Alimchoma kidole, akatazama lile tone kabla hata ya kulivuta kwenye mrija, kisha akamtazama Okello macho, akamvuta kope ya chini. Mashine ilivuma. Aliusoma mrija, akausoma tena kwenye mwanga wa dirisha.

"Thelathini na sita," alisema. Akachukua kadi yetu akafuata namba kwa kidole kutoka juu. "Baba, unatapika damu? Choo chako ni cheusi?"

"Hapana."

"Unakula?"

"Anakula," nilisema mimi.

"Damu haipotei hewani, mama. Inakwenda mahali. Vua shati, baba."

Okello alivua. Mgongo wake ulikuwa na duara, safu kwa safu, nyingine zimepona zikawa nyeusi, nyingine mbichi za Jumamosi. Syokau alikuwa Mkamba wa kijijini kama sisi tulivyokuwa wa kijijini, hakuhitaji kuelezwa.

"Nani anafanya hii?"

"Ni mimi," nikasema.

"Kila baada ya muda gani?"

"Kila wiki."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, mwezi wa Novemba."

Kulikuwa na foleni nje na mtu mmoja alikuwa akikohoa kwa namna ambayo nilikuwa nimeizoea. Nilisikia kikohozi chake vizuri kuliko nilivyosikia moyo wangu. Syokau alivuta kiti akaketi, jambo ambalo hawakuwa wakilifanya.

"Mama, nisikilize. Kifua chake hakiingizi hewa ya kutosha. Hewa inabebwa na damu. Sasa mwili ukiona hewa ni kidogo, unaongeza wabebaji, ili hata hiyo kidogo isipotee. Ndiyo maana damu ilikuwa nyingi. Ikizidi mno inakuwa tope, tunatoa kidogo, basi. Hatukuwa tunaifukuza. Ilikuwa inamsaidia."

"Ulisema ya mtu mzima ni arobaini na tano."

"Ya mtu mwenye mapafu mazima."

Okello alikuwa anafunga vifungo vya shati na alikuwa amevikosea. Nilivifungua nikavifunga upya, kutoka chini.

"Lile daftari," Okello alisema, "sasa lina miaka mitatu na zaidi. Linasema nini?"

Syokau hakutaka. Nilimwona. Lakini Okello alimngoja na msichana yule hakuwa mwongo.

"Wenye damu nyingi kidogo, wengi wao bado tunawaona. Walioshuka chini ya arobaini walikuwa kumi na mmoja. Tisa wamekwenda kabla ya mwaka kwisha. Mmoja alirudi kwao, hatujui habari zake. Mmoja bado anakuja."

"Kumi na wawili na mimi."

"Wewe si kama wao. Wao damu ilishuka yenyewe. Yako imetolewa. Tutakupa vidonge vya chuma, na mama ataacha pembe, huenda ikapanda." Alisema hayo akiandika kadi, na kwenye ukingo, pasipo na safu, akaandika maneno madogo. Nilimwuliza ameandika nini. "Kwamba ameumikwa," akasema. "Daktari asije akadhani ni ugonjwa peke yake."

"Andika na aliyemuumika."

"Haina haja, mama."

Kisha akamwuliza Okello kama ana safari yoyote au jambo la nyumbani. Okello akamwambia la dala, kwa maneno machache, akivuta pumzi kati ya neno na neno.

"Mlisema lini?"

"Desemba."

"Msingoje Desemba," alisema Syokau.

Huko nje sikulia. Watu huniuliza, ulilia? Sikulia siku ile wala wiki ile. Nilinunua sukari na mafuta ya taa, nikapika. Jumamosi ilipofika nilifua, na nilipomaliza kufua Okello alivua shati kwa mazoea, akakumbuka, akalivaa tena. Zile pembe nilizifunga kwenye gazeti nikazitupa chooni, zote sita.

Muigai alikuja kuuliza magodoro saba yaliyobaki. Okello alikuwa ameketi mlangoni, na sikumwacha ajibu.

"Hayatashonwa, Muigai. Tunakwenda nyumbani wiki hii."

Alimtazama Okello muda kidogo. Alikuwa mtu wa ploti na kodi, lakini hakuwa mjinga.

"Nendeni," alisema. "Vyumba havina miguu, vitaningoja. Kwetu pia mtu huzikwa kwake." Akaona alivyosema, akatazama reli. "Nataka kusema, mtu hujenga kwake."

"Umesema vizuri," Okello alimwambia. "Usirudishe."

Nzembi alileta mfuko wa makaa, ati wa njiani. Nilimwambia kwetu kuna kuni. Akasema hajali, tuchukue.

Tulisafiri kwa gari la moshi, daraja la tatu, Okello ameketi dirishani usiku kucha kwa sababu ya hewa. Mzee Ogola hakufurahi kutuona. Miti iliyokatwa Agosti ilikuwa imejengewa zizi la mbuzi, maana barua ilisema wasihangaike. Alikuwa bado ana barua ile. Aliitoa akanionyesha.

"Mke wetu, hapa uliandika amepona."

"Niliandika, baba."

"Huyu amepona?"

"Hapana."

Hakuniuliza zaidi. Aliita vijana wakakata miti mingine siku mbili. Mabati hatukuwa nayo, nyasi ilitosha. Wake wa shemeji zangu walisuka kamba na hawakunisema kitu, na ingekuwa heri wangesema.

Siku ya tatu tulitoka alfajiri. Ouma alikuwa na miaka kumi na mitatu, alitangulia na jogoo kwapani. Okello akafuata na shoka, mimi na chungu cha moto. Kutoka lango la baba yake mpaka pale mahali si mbali, ni kama kutoka kibanda chetu mpaka kituo cha gari la moshi. Mtu mzima angefika kabla jogoo hajachoka kubebwa. Okello alisimama mara tisa. Ndugu yake alitaka kumshika mkono, Mzee Ogola akamkataza, maana wa kufungua lazima aende kwa miguu yake.

"Polepole," alimwambia. "Mji haukimbii."

Alifika. Alipiga shoka ardhini pale pa nguzo, mara mbili. Ya tatu shoka lilianguka, na Mzee Ogola akasema mbili zinatosha, na wengine wakachimba. Kufikia jioni nyumba ilikuwa imesimama, udongo mbichi, nyasi mbichi. Niliwasha moto wangu ndani. Watu wakatuacha.

Nimesema kwamba nyumba lazima ilaliwe na mume na mke, na watu wazima wanajua maana yake kwetu si usingizi. Bila hilo dala halijafunguka, na kila kilichofanywa mchana ni bure, tena balaa huwaandama watoto. Okello alikaa ameegemea nguzo. Akilala chali hewa ilikata. Alihesabu pumzi, na mimi nilishika miguu yake iliyovimba, na hivyo ndivyo tulivyokaa.

Kulipokucha Mzee Ogola alikuja akasimama nje, mbali kidogo na mlango, kama inavyotakiwa. Ndugu zake Okello walikuwa nyuma yake. Mimi ndiye niliyetoka.

"Mke wetu, mji umefunguka?"

"Umefunguka, baba."

Alitikisa kichwa, akaingia, wengine wakaingia, wakaomba, wakanywa uji. Walipoondoka Okello alikuwa bado pale kwenye nguzo.

"Min Ouma, umejibu haraka," alisema.

"Niliulizwa mara moja."

Hakulisema tena. Alikaa katika nyumba ile wiki nane. Vidonge vya chuma alimeza vyote. Hatukuwa na mrija wa kupima, kwa hiyo namba ya mwisho siijui. Alikufa Desemba tarehe ishirini na nane, mchana, akiwa ameketi. Alizikwa katika boma lake, upande wa kulia wa mlango, na Mzee Ogola alisimama kaburini akasema huyu ametuacha akiwa mtu mwenye dala. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa nimesimama mahali pa mke, na watu walinipa nafasi.

Niliporudi Nairobi, Wakarima alinipa chumba Gatina, nikauza mboga, nikasomesha. Mzee Ogola alikufa mwaka wa themanini na tatu. Ouma alijenga ndani ya lile boma, na mdogo wake akajenga, na wake zao wamezaa humo. Hakuna balaa lililowapata zaidi ya linalowapata watu wengine. Mahali pangu ni upande wa kushoto wa mlango. Nikienda kule hupafyeka mwenyewe, maana wasichana wa siku hizi wanakata nyasi juu juu.